Sabuni Isiyoua Samaki

Asubuhi ile ya Ijumaa povu lilitoka kwenye boti ya Jamaldini likaenda kumchukua mbuzi. Wapo watakaosema halikumchukua, lilimfunika tu, na mbuzi mwenyewe akatokea upande wa pili akipiga chafya. Hao hawakuwepo. Waliokuwepo ukingoni mwa bwawa la Mtera waliona wingu jeupe linasukumwa na upepo wa Agosti, upepo wa Ugogo usiojua kubisha hodi, likapita kwenye mitumbwi ya wavuvi, likapita kwenye mawe ya kufulia, likatua pale pale wanawake wanapochota maji ya kunywa. Kambale mmoja, wanaapa hadi leo, aliibuka na povu kidevuni kama mtu anayesubiri kinyozi.

Loisi, mke wa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa ameinama na ndoo yake. Hakupiga kelele. Alichota povu, ndoo ikajaa bila kuwa na uzito wowote, akatembea nayo kando ya maji mpaka kwenye boti. Ndani ya boti Nasma, mke wa Jamaldini, alikuwa amepiga magoti, kanga ameikaza kiunoni, anasugua mbao kwa brashi kana kwamba zimemtukana mama yake.

"Mbukwenyi," Loisi alisalimu.

"Mbukwa, mtani. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuchota maji, nimechota shuka lako la povu. Nimekuletea."

Nasma alichungulia ndani ya ndoo akacheka. "Si wewe uliyesema boti yetu inanuka samaki mpaka barabarani? Haya, leo inanukia maua."

"Mimi sinywi maua. Ndama wangu hanywi maua. Wiki iliyopita alikunywa, akaharisha mpaka akabaki masikio."

"Labda alikula majani mabichi."

"Agosti hii? Majani mabichi ameyaona wapi, kwenye picha ya pakiti ya sabuni yako?"

Pakiti yenyewe ilikuwa imesimama juu ya benchi la abiria: sabuni ya unga Radi, nguvu mara saba, imetoka nchi ambayo Nasma asingeweza hata kuitamka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, milango ya nchi imefunguliwa, na sabuni zilikuwa zimeingia nyingi kuliko nguo za kuzifulia. Nasma hakuwa tayari kusikia habari za kupunguza. Huyu ni mwanamke aliyepanga foleni duka la kijiji enzi za uhaba, akatoka na kipande cha mche wa sabuni kilichokatwa kwa uzi. Alimwogesha mtoto kwa majani ya mpapai. Aliwahi kwenda harusini kule Zuzu akinuka majivu, na wifi yake akasogeza kiti. Kwake yeye povu lilikuwa ushahidi kwamba siku zile zimekwisha. Boti isiyotoa povu haijaoshwa, na mtu asiyetoa povu bado yuko kwenye foleni.

"Nenda ukachote upande wa juu," alimwambia Loisi. "Bwawa lote hili haliwezi kushibishwa na ndoo moja ya sabuni."

Loisi alimwaga povu juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akaondoka.

*

Jioni Nathanaeli, mwenyekiti, alifika mwenyewe nyumbani kwa Jamaldini. Alikaribishwa kahawa, akakaa.

Sasa, babu zake Jamaldini walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa misafara, waliochoka kubeba pembe za ndovu wakaishia Dodoma mjini, wakasilimu, wakafungua maduka. Na Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Mtani anaweza kuingia msibani kwako akalala kaburini mpaka alipwe ndipo atoke. Anaweza kuondoka na kuku wako mchana kweupe. Yeye hana ruhusa ya kukasirika, wala wewe huna.

"Jamaldini," alianza Nathanaeli, "babu yako alipita nchi hii na pembe kichwani, akaomba maji kwetu, tukampa. Leo mjukuu amerudi kutulipa kwa sabuni."

"Babu alisema maji yenu yalikuwa na matope, mtani. Ndiyo nimekuja kuyafua."

Wakacheka. Nasma akacheka jikoni.

"Kamati ya maji imekaa," Nathanaeli aliendelea. "Hilo Radi lenu marufuku. Ijumaa nikiona povu tena, boti yako naifunga maksai naipandisha juu, ikakae na shangazi zako nyani."

"Ukiipandisha usisahau kuilisha! Inakula petroli, haili mtama wako!"

Jamaldini alicheka mpaka kahawa ikampalia. Nathanaeli naye alicheka, kwa sababu mbele ya mtani uso hauwezi kukunjwa, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Mwenyekiti aliaga akiamini ametoa amri. Jamaldini alimsindikiza akiamini ametaniwa vizuri.

Khairat, binti yao aliyemaliza kidato cha nne na ndiye aliyekuwa akikata tiketi za boti, alikusanya vikombe. "Baba, yule alitaja kamati. Mtu anayetania hataji kamati."

"Wewe utani wa wazee hujaujua bado. Lete sukari."

*

Ijumaa Nasma aliosha. Kwa kuwa ndoo ya Loisi ilikuwa bado imemkaa rohoni, alitia pakiti nzima.

Jumamosi abiria walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakitazama maji matupu. Jamaldini alifikiri wezi. Kisha akaona mfereji mchangani, uliochimbwa na tumbo la boti, unatoka majini unapanda, unapita katikati ya shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, kwato huku na kwato huku. Inasemekana maksai waliofungwa nira siku ile walikuwa wengi kiasi kwamba wa mbele walifika ofisi ya kijiji wakati wa nyuma wakiwa bado wanakunywa maji bwawani. Familia nzima ilifuata mfereji, na abiria wakafuata familia, maana walikuwa wamelipa.

Boti ilikuwa imekaa mbele ya ofisi ya kijiji, uwanjani, mahali pasipo kivuli hata cha kijiti. Kuku wawili walikwisha kupanda na kuanza kukagua mabenchi.

"Jamaldini," aliita Yudith, mfanyabiashara wa Kibaigwa, aliyekuwa akivusha mahindi upande wa Iringa na kurudi na samaki wakavu. "Hii tiketi yangu ni ya kwenda wapi sasa? Ofisini?"

Watu wakaangua kicheko. Khairat akaanza kurudisha nauli, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama mtu usoni.

Nathanaeli alitoka akijifunga mkanda.

"Mtani, ni nini hiki?" Jamaldini aliuliza.

"Nilisema."

"Ulisema kwa utani!"

"Nilisema kwa mdomo. Ulitaka niseme kwa nini, kwa goti?"

"Ulikuwa unacheka!"

"Na wewe ulikuwa unacheka. Ningelia peke yangu nyumbani kwako?"

Nathanaeli akatoa sharti la kamati mbele ya watu wote, na safari hii aliomba kila mtu anyamaze kwanza, ili baadaye asije mtu akadai alisikia kicheko. Waende wakatafute sabuni isiyoua samaki na isiyoharisha ndama. Wakiileta na kamati ikaridhika, maksai watairudisha boti majini. Wasipoileta, boti ni mali ya kijiji, itafugiwa kuku.

Jamaldini alizunguka boti yake akiipapasa. Boti ya mbao si baiskeli, huiegeshi tu ukaiacha. Mbao zimezoea kunywa. Zikikaa kwenye jua la Dodoma zinasinyaa, pamba ya kwenye maungio inatoka yenyewe kama meno ya mtoto, na baada ya muda unabaki na kuni zenye umbo la boti. Alikuwa hana boti nyingine, wala shamba, wala duka. Aliweka sikio kwenye ubavu wake. Tayari ilikuwa inasema: *ka... ka...*

"Inaongea," alimwambia mkewe.

"Inasema niende mjini nikatafute sabuni, au uende wewe?"

*

Abdulkadiri, binamu yake Jamaldini, alikuwa na duka karibu na soko la Dodoma, na rafu zake zilikuwa zimejaa mpaka dari.

"Nataka sabuni isiyoua," Jamaldini alimwambia.

"Isiyoua nini?"

"Samaki."

"Unaosha samaki?"

"Naosha boti."

Abdulkadiri alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatoka nje ya duka, akatazama barabara yenye vumbi upande huu na upande huu. Akarudi. "Boti," alisema. "Dodoma. Na mimi nina ngamia wangu yuko baharini anavua."

"Iko Mtera, binamu, mwenyekiti wetu ameishika. Usinichoshe, nimepanda lori la samaki usiku kucha."

"Ndiyo maana nasikia harufu. Haya, tazama. Hii inatoa damu. Hii inatoa wino. Hii inatoa hata rangi ya nguo yenyewe."

"Inaua?"

"Inaua kila kitu! Ndiyo sifa yake!"

"Basi siitaki."

"Jamaldini, nisikilize. Miaka ile nilikaa humu na rafu tupu, mteja akiingia namwonyesha ukuta. Leo Mungu amenipa sabuni za mataifa yote, na wewe ndugu yangu wa damu unaingia kuulizia ile isiyofanya kazi?"

Walibishana mpaka wateja wengine wakajiunga. Mama mmoja akasema tumia limau. Mwingine akasema magadi, kwani magadi yanachotwa ardhini na watu wanapikia mlenda. Kijana mwenye tai akasema sabuni zote ni sawa, tofauti ni matangazo. Mwishowe Abdulkadiri alipanda ngazi akateremka na chupa ya kijani yenye vumbi na picha ya samaki mkubwa anayecheka.

"Hii niliinunua kwa Mzungu mmoja alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ni ya boti hasa. Wanasema ni rafiki wa mazingira."

"Mazingira ndiyo nini?"

"Ndiyo hayo ya kwako na mwenyekiti wako."

Bei yake ilikuwa bei ya mbuzi mwenye mimba. Jamaldini alisema hiyo ni chupa, si shamba.

"Huyo samaki hapo," Abdulkadiri alimwambia, "unadhani anacheka bure?"

Jamaldini aliondoka na chupa, mche mmoja wa sabuni na kifuko cha magadi. Saa yake ya mkononi ilibaki juu ya kaunta.

*

"Soma," Nasma alimwambia binti yake.

Khairat aligeuza chupa. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, na maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. "Inasema haina... kitu fulani. Inasema inafaa kwa boti. Inasema inaoza yenyewe."

"Inafanyaje?"

"Inaoza. Ikishamwagwa inaoza, inakwisha."

Nasma alimgeukia mumewe. "Umeacha saa ya mkononi kwa sabuni iliyooza?"

"Haijaoza! Itaoza!"

"Mama, ngoja, kuna zaidi," Khairat alisema. "Inasema inaoza vizuri ikimwagwa kwenye udongo. Isimwagwe mtoni wala ziwani."

Nje mtu alikuwa akipita na redio.

"Sabuni ya boti," Nasma alisema polepole, "isiyomwagwa majini."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na boti inakaa wapi, Khairat? Huko kwao boti zinakaa wapi, kitandani?"

Jamaldini alichukua chupa, akaitazama picha kwa muda mrefu. Samaki alikuwa bado anacheka, na sasa Jamaldini aliona wazi anamcheka nani.

*

Kamati ya maji ilikataa kusomewa chupa. "Kamati haitaki Kiingereza," Nathanaeli alisema. "Kamati inataka samaki."

Basi beseni zikapangwa uwanjani mbele ya ofisi, kando ya boti, kila moja ikatiwa maji ya bwawa na vifaranga vya perege vilivyovuliwa kwa chandarua asubuhi ile. Ya kwanza ikatiwa Radi. Ya pili kipande cha mche. Ya tatu magadi, chini ya ulinzi wa mzee Bartolomayo, mjumbe wa kamati, aliyeapa kwamba kitu kilichowekwa ardhini na Mungu hakiwezi kuua kiumbe wa Mungu. Ya nne majivu, ambayo Loisi aliyaleta mwenyewe kutoka jikoni kwake, yamechekechwa vizuri. Ya tano chupa ya kijani. Ya sita maji matupu, ya kulinganishia, kama Khairat alivyoshauri.

Kijiji kizima kilikuja. Inasemekana hata watu wa ng'ambo walisimama ukingoni wakanyoosha shingo.

Jamaldini aliweka tone moja la chupa ya kijani, kama ilivyoelekezwa. Likapotea. Hapakuwa na povu hata la kumnyoa mende.

"Hiyo ni sabuni au ni maji?" mtu aliuliza.

"Ngoja," Jamaldini alisema.

Nasma alingoja kadiri alivyoweza. Watu walikuwa wanaguna. Akilini alimwona wifi yake wa Zuzu anasogeza kiti. Akamnyang'anya mumewe chupa, akaongeza, akakoroga kwa mkono. Hakuna. Akaongeza. Akaendelea kuongeza mpaka povu likatokea, dogo, la aibu, na chupa ikawa imebaki nusu.

"Mama!" Khairat alisema. "Imeandikwa tone!"

"Tone ni la boti safi!"

Samaki wa Radi waligeuka matumbo juu kabla mtu hajakohoa. Wa magadi wakafuata, na mzee Bartolomayo akasema hao walikuwa wagonjwa tangu bwawani. Wa majivu walizunguka kidogo, wakaduwaa, wakalala ubavu. Loisi aliinama akawatazama kwa karibu, mdomo wazi. Wa mche walivumilia zaidi, kisha wakachoka. Wa chupa ya kijani walikwenda wote kwa pamoja, kwa adabu, kama watu waliotajiwa mwisho wa mkutano.

Wakabaki wa maji matupu. Kijiji kikawainamia. Jua lilikuwa utosini. Wakapanda juu ya maji, wakahema, wakahema, nao wakafa.

"Haya matupu yametiwa sabuni gani?" Nathanaeli aliuliza hatimaye, akimtazama mkewe kana kwamba ni yeye.

"Hao wamekufa kwa huzuni," alisema mzee Bartolomayo. "Wameona ndugu zao."

"Wamekufa kwa jua!" Khairat alisema, na sauti yake ikapanda kuliko alivyokusudia. "Shikamoo zenu wazee, nisameheni, lakini mmewaweka juani kama mlivyoiweka boti yetu!"

Na boti, kana kwamba imetajwa jina, ikapasuka ubavuni: *TA!* Kuku waliokuwa ndani wakaruka. Jamaldini alikimbia, akapiga magoti, akaingiza kidole kati ya mbao mbili. Kikaingia chote. Akakiacha humo humo.

Nasma alimwona mumewe amepiga magoti na kidole ndani ya boti, mbele ya kijiji kizima, na kitu fulani ndani yake kikafika mwisho.

"Mnataka sabuni isiyoua!" alipaza sauti. "Haipo! Majivu yenu yameua. Magadi yenu, Bartolomayo, yameua, na usiniambie walikuwa wagonjwa. Mche umeua. Chupa ya Mzungu imeua huku inacheka. Sabuni ni sabuni! Yoyote itakayoingia mle bwawani itaua kitu!"

"Basi ndivyo kamati ilivyosema," Nathanaeli alisema.

"Sijamaliza! Basi isiingie. Sikia, mtani. Chimbeni shimo hapa juu, mbali na maji. Boti nitaiosha kwa mche, kipande kama kidole. Mafuta ya mashine nitayapangusa kwanza kwa pumba za mbao, nizichome. Na maji machafu yote ya tumboni mwa boti nitayachota kwa kopo, niyatie kwenye ndoo, niyapandishe mpaka hapa, niyamwage shimoni. Tone halirudi bwawani."

"Utayapandisha na nani?" Loisi aliuliza.

"Na kichwa changu."

"Wewe? Wewe unayechotewa maji na mabinti wa watu kwa mshahara?"

"Na kichwa hiki hiki, Loisi, kitazame vizuri."

Hapakuwa na aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Nathanaeli alikohoa kidogo. Alikuwa amejifunza.

"Mtani," alisema kwa uangalifu, "hapo unatania au unasema?"

"Nasema."

"Kamati, mmesikia anasema?"

Kamati ilisikia. Shimo likachimbwa palepale, na palepale Nasma akaosha boti mara ya kwanza, mbele ya watu, na kipande cha mche kilichokatwa kwa uzi. Alisugua zaidi kuliko siku zote, maana sabuni ikipungua mkono ndio unaolipa. Povu lililotoka lilikuwa la kijivu, likakaa kidogo kwenye mbao likajifia. Loisi alikaa juu ya jiwe akisimamia.

"Pale kwenye kona bado," alisema.

"Nimeona."

"Na chini ya benchi."

"Loisi, nimeona!"

*

Maksai waliirudisha boti, na ilipofika majini ikazama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa; mbao zilizokauka lazima zilale ndani ya maji zinywe mpaka zivimbe na kuziba zenyewe. Lakini nenda ukawaeleze watu wanaopita. Kutwa nzima Jamaldini alisimama maji kiunoni kando ya ukingo mmoja wa boti uliochungulia juu, akijibu swali lile lile.

"Imezama?"

"Inakunywa."

"Pole sana, mzee."

"Nimesema inakunywa!"

Ilipokwisha kunywa wakaitoa maji, wakaikalafati upya kwa pamba, wakafunga mashine. Siku ya safari ya kwanza Yudith wa Kibaigwa alikuja na magunia yake, akapanda, akakaa, akavuta pumzi. Akasimama.

"Siku hizi inanuka samaki."

"Inabeba samaki," Nasma alimwambia.

"Zamani ilinukia kama hoteli."

"Yudith, imeoshwa. Tazama mbao. Tafuta utelezi hata wa kucha."

"Macho yangu yanaona ni safi. Pua yangu haijakubali." Akawaita wapagazi wake, magunia yakashuka, yakaenda kwenye boti ya jirani. Abiria wengine walitazamana. Mmoja akakumbuka ana shida upande ule. Mwingine akamfuata kumsaidia. Khairat alibaki na kitabu cha tiketi mkononi na mabenchi matupu mbele yake.

Nasma alikaa kwenye ukingo wa boti, ndoo ya maji machafu kati ya miguu yake. Tayari ilikuwa na magamba na mafuta. Hakulia, alikuwa amechoka mno kulia. Alikuwa akifikiri kwamba pakiti moja ya Radi, moja tu, ingewarudisha wote kabla mashine haijapata moto.

Ndipo Loisi alipoteremka kutoka kijijini amevaa gauni la kanisani, kikapu kichwani, na viatu mkononi.

"Binti yangu Erica amejifungua huko ng'ambo," alisema. "Nauli yenu ni kiasi gani?"

"Ya mtu au ya mtani?" Jamaldini aliuliza kutoka kwenye mashine.

"Ya mtu. Leo sina nguvu ya utani. Sijawahi kupanda kitu hiki maisha yangu yote." Aliweka mguu mmoja ndani, boti ikayumba, akautoa. "Kinacheza!"

"Kinaelea, Loisi. Panda."

"Nashika wapi?"

"Shika benchi."

Loisi alishika ushungi wa Nasma. Akaushika alipokaa, akaushika mashine ilipowaka, na walipoacha ukingo akaukusanya wote mkononi mpaka Nasma akabaki amevutwa shingo upande kama kuku anayepelekwa sokoni. Macho ameyafumba, midomo inasali Kigogo. Watu wawili waliokuwa wameshuka, walipomwona mke wa mwenyekiti amepanda, walikimbilia majini wakaingia na suruali zao.

"Unaniua," Nasma alisema.

"Usizungumze, itageuka."

Katikati ya bwawa upepo ulipunguza ukali kidogo. Loisi alifumbua jicho moja. Akaona maji upande huu, maji upande huu. Akafumbua la pili. Taratibu aliachia ushungi, akainama, akachovya kidole, akakilamba.

"Ni yale yale," alisema kwa mshangao.

"Ulidhani yatakuwa yapi?"

"Nilidhani huku ndani yana mwenyewe." Akachovya tena, safari hii kiganja kizima, akanywa. "Kumbe ni ya kwangu mpaka huku."

Nasma alijaribu kuurudisha ushungi wake mahali pake. Chini ya miguu yake ndoo ilikuwa ikichezacheza, nzito, nyeusi, inanuka.

"Ni ya kwako, mama," alisema. "Basi tukirudi utanisaidia na ndoo hii."

Loisi aliitazama ndoo, akamtazama Nasma, akakunja viganja vyake vyenye maji mapajani.

"Kukutwika nitakutwika," alisema. "Kubeba, utabeba mwenyewe."